Rilan Aliyeitika

Jumatatu, 4 Machi

Leo tumeanza kuchuma babunaji, maua ya kutengenezea chai. Maua yamefunguka yote kwa pamoja, shamba zima jeupe mpaka mferejini, na mikono yetu inanuka chai kabla hatujanywa chai.

Naandika haya kwa sababu moja. Mwaka jana mimi na kaka yangu Shahhat tuligombana mwezi mzima kuhusu siku upepo wa khamsini, ule wa vumbi, ulipoanza. Mimi ndiye niliyesema kweli, lakini sikuwa na pa kumwonyesha. Mwaka huu atasoma mwenyewe.

Mke wake, wifi yangu Wisam, ana mimba kubwa. Mama amemkataza kuinama. Anainama.

Jumatano, 6 Machi

Maua mengi. Mgongo wangu si wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Jana ilikuwa siku ya saba ya mtoto wa Nagat, mke wa muuza gesi. Siku ya saba ndiyo siku ya jina, na jina lilipotangazwa hakuna aliyeshangaa: Rilan. Huyu ni wa tano katika kijiji hiki kidogo, mbali na wale wa ng'ambo ya mfereji. Miaka minne iliyopita hakukuwa na mtu katika mkoa mzima wa Fayoum aliyewahi kulisikia jina hilo.

Shambani leo hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Ni mto wa Peponi," alisema bibi Busayna, ambaye hujua kila kitu.

"Kila jina jipya mnasema ni mto wa Peponi," nikamwambia. "Pepo hiyo itakuwa na mafuriko."

Wakacheka. Nawara, mama wa Rilan wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitatu na kelele za watoto sita, akasema yeye alilitoa kwenye tamthilia ya Kituruki, binti wa waziri fulani. Mwingine akasema daktari wa mjini ndiye aliyempa. Sheikh wetu Abdul-Mawgud aliwahi kuulizwa, akasema halimo katika kamusi yake yoyote, lakini pia hajaliona baya lake, basi waacheni.

"Semeni mtakavyo," Nawara akasema, "surua ilipita nyumba kwa nyumba msimu huu wa baridi. Nitajieni Rilan mmoja aliyeugua."

Hakuna aliyemtaja. Wisam alikuwa mstari wa pili kutoka kwangu. Hakucheka wala hakuinua uso.

Jumatano, 13 Machi

Vumbi kidogo kutoka kusini. Shahhat anasema ndiyo khamsini. Siyo.

Jumapili, 17 Machi

Jua lilipokuwa linazama nilikuwa juu ya paa, nikigeuza maua kwenye vichanja. Ndiyo saa ya akina mama kusimama milangoni na kuita watoto. Nawara akaita wake: "Rilan!"

"Abee," ikajibu sauti barabarani, na nikamwona mtoto mwenyewe akikimbia na kiatu kimoja.

"Abee," ikajibu nyingine, upande wa shamba.

Niligeuka. Shamba lilikuwa tupu, maua tu. Nikajiambia ni mwangwi. Lakini mwangwi unarudisha sauti uliyoupa, na hii ilikuwa sauti nyingine, ya mtoto mkubwa kidogo, na ilikuwa na furaha. Nililisikia neno hilo mara tatu zaidi, kila mlango ulipoita wake.

Nilisema nitaandika habari za upepo. Upepo haukuwepo.

Jumatatu, 18 Machi

Nimembana Nawara asubuhi tukiwa kwenye chai.

"Hiyo tamthilia ya Kituruki ilionyeshwa lini?"

"Zamani, dada Insaf."

"Kwenu umeme ulikuja mwaka juzi, Nawara."

Akanitazama, akatazama huku na huku, kisha akainamia glasi yake. Akasema alikuwa na mimba ya miezi saba, anachuma kwenye mwisho wa shamba letu, karibu na mfereji, asubuhi yenye ukungu. Akasikia mwanamke anaita mtoto. *Rilan, njoo ule.* Hakumwona, ukungu ulikuwa mzito.

"Hujawahi kusikia mtu akiitwa hivyo, dada. Kana kwamba duniani hakuna mtoto mwingine. Nikasema, wangu naye ataitwa hivi."

"Na Uturuki?"

"Ningemwambia mama mkwe nimelitoa kwenye ukungu? Angenipeleka kwa sheikh nikasomewe."

Nikaenda kwa Nagat, nikijifanya nataka gesi. Naye alilisikia, mwaka jana, mahali palepale. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Wengine watatu sikuwauliza. Sikutaka kujua.

Ijumaa, 22 Machi

Matone machache ya mvua. Hayakuharibu kitu.

Katika chakula cha mchana Shahhat ametangaza kwamba akipata binti atamwita Rilan. Mama amefurahi mpaka amemwongezea nyama. Lazima nieleze jambo hili, maana likisomwa na mgeni atamwona Mama mjinga, na Mama si mjinga. Kabla ya Shahhat alizika wavulana wawili. Huyu alipozaliwa alimpa jina la Shahhat, yaani ombaomba, akamvika matambara na kuzunguka naye mlango kwa mlango akiomba vipande vya mkate, ili kifo kikipita kione hapa hakuna cha maana cha kuchukua. Akaishi. Tangu hapo ukimwambia Mama kwamba jina ni jina tu, habishani nawe. Anakuonyesha Shahhat na kitambi chake.

"Si jina hilo," Wisam akasema.

"Lina ubaya gani?" Shahhat akauliza. "Hawaugui hawa. Unataka tumpoteze huyu pia?"

"Si hilo."

Akaacha sahani yake akatoka. Mama akasema mimba inamsumbua.

Jumanne, 26 Machi

Nimemfuata leo.

Alitoka kabla ya wachumaji, kukiwa kumepambazuka na ukungu bado haujainuka. Alipita katikati ya maua mpaka kwenye ukingo wa mfereji. Alikuwa na kipande cha mkate na jibini ndani yake. Akasimama, akaweka mkono kiunoni kama wanavyosimama wenye mimba, akaita:

"Rilan. Rilan, njoo ule."

Nawara alisema kweli. Sijawahi kusikia mtu akiitwa hivyo. Nilitaka kwenda mimi.

Aliponiona hakushtuka. Aliuvunja mkate akanipa nusu, tukakaa ukingoni.

Miaka minne iliyopita alijifungua binti, naye akafa siku ya tano. Hilo tunalijua sote. Shahhat alimbeba alfajiri akamzika na sheikh na watu wawili. Kwetu mtoto akiondoka kabla ya siku ya saba huitwa mgeni, na mgeni haulizwi jina. Hakuna anayekwenda kumzuru, maana ungesema umekuja kwa nani? Mama alimwambia Wisam maneno hayohayo, huku akimfunga maziwa kwa kitambaa ili yakauke. Alimwambia kwa upole. Naye alikuwa amewahi kuambiwa hivyo.

"Lakini alikuwa na jina, wifi," Wisam akasema. "Nilimpa siku ya kwanza, ananyonya. Sikulitoa popote. Ilikuwa sauti tu iliyonijia mdomoni, na yeye akanitazama niliposema, nikajua ni lake."

"Na ukawa unaliita hapa."

"Kila asubuhi ya msimu. Shamba likiwa jeupe. Nani alikuwa ananisikia?"

"Nawara. Nagat. Kijiji kizima kimekusikia, Wisam. Hao akina Rilan wote wametoka mdomoni mwako."

"Siwalaumu," akasema. "Wao hawajui. Lakini na yeye hajui. Kila jioni milango yao inamwita, anaitika, anakimbia, na kila mlango anaofika unamfungia. Wewe humsikii?"

Nikasema sisikii. Mungu anisamehe.

"Na Shahhat anataka kumpa huyu," akaweka mkono tumboni. "Siku tutakayomwita huyu, watakuja wawili. Yule ni mkubwa, wifi. Anajua kukimbia. Atafika kwanza, na nafasi ni moja."

Aliniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa, kwa sababu nilikuwa naogopa na nilitaka tuondoke pale. Mkate wake aliuacha ukingoni.

Jumamosi, 30 Machi

Khamsini imeanza leo adhuhuri. Shahhat, soma hapa: Jumamosi, tarehe 30, adhuhuri. Mbingu ya manjano. Tumefunika maua kwa maturubai, lakini vumbi linaingia hata ndani ya yai.

Jumapili, 31 Machi

Msichana. Amezaliwa alasiri, mdogo, mwenye nywele nyingi. Wisam hajambo. Bado hatumwiti kitu.

Jumatano, 3 Aprili

Upepo haujatulia. Mtoto hanyonyi.

Si kwamba hawezi. Anashika ziwa, anavuta mara mbili tatu, kisha mtu nje anaita Rilan, naye anaachia na kugeuza kichwa mlangoni. Mtoto wa siku chache tu, ambaye hata shingo haimtii, anageuza kichwa na kungoja. Nimeliona kwa macho yangu, si mara moja. Akishageuka hivyo harudi tena kwenye ziwa. Anakaa kimya kama anayempisha mtu.

Daktari alifika ameziba uso kwa shali. Akasema mapafu mazuri, moyo mzuri, mpeni maziwa ya mama kwa kijiko. Alipoondoka Mama akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Apewe jina linaloishi. Leo."

"Siku ya saba haijafika, Mama," nikasema.

"Hata yule haikumfikia."

Wisam akageukia ukuta.

Alhamisi, 4 Aprili

Siku ya tano. Hakuna aliyelisema. Mama alishinda ameshika kifundo cha mkono wa mtoto kwa vidole viwili, na sisi tulishinda tukimtazama Mama.

Ijumaa, 5 Aprili

Ameiona Ijumaa. Tunampa kijiko. Amekuwa mwepesi mno, ukimbeba unahisi umebeba nguo tu.

Nimefanya jambo ambalo msimu uliopita ningemcheka mtu kwa kulifanya. Nimezunguka milango yote ya akina Rilan nikawaomba mama zao leo jioni wasiwaite watoto wao kwa majina. Waende wakawashike mikono wawalete.

"Unaogopa nini, dada Insaf?" Nawara akaniuliza.

"Upepo."

Hakuniamini, lakini ni mtu mwema, na wote wakakubali kwa sababu ya mtoto wetu. Jioni ilipofika nilisimama mlangoni na shali usoni. Hakuna mlango ulioita. Kijiji kizima kilikuwa kimya, vumbi tu likipiga mabati.

"Abee," ikasema sauti shambani.

Hakuna aliyeita.

"Abee? Abee?"

Ilikuwa inakuja na kurudi, kama mtoto anayesikiliza kwenye kila mlango. Niliingia ndani nikafunga. Nililia jikoni, peke yangu, na sikujua ni kwa hofu au kwa huruma.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku ya saba. Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa, na atakayesoma aamini anachotaka.

Adhuhuri kulikuwa na giza. Vumbi lilikuwa limeziba jua kabisa, tukafunga madirisha na kuweka matambara chini ya mlango. Wanawake walikuja hivyohivyo, Nawara, Nagat, bibi Busayna na wengine, kope zimejaa mchanga. Shahhat alisimama karibu na mlango kwa sababu chumba ni cha wanawake, lakini hakutaka kwenda mbali.

Katika nyumba yetu jina huchaguliwa kwa mishumaa. Mishumaa mitatu ya kimo kimoja, kila mmoja na jina lake, na utakaokawia kuzimika ndio wenye maisha marefu. Mama aliwasha wa kwanza akasema, "Tafida," jina la mama yake. Shahhat akanyoosha mkono kutoka mlangoni, akawasha wa pili akasema, "Rilan." Wanawake wakaitikia kwa kuridhika. Wa tatu ulikuwa wa Wisam.

"Nagiya," akasema. Yaani aliyeokoka.

Tukakaa kuitazama. Wisam alikuwa kitandani na mtoto begani. Upepo uliingia kwenye nyufa, na mwali wa Tafida ukazimika mapema, ukafuka moshi. Nagiya ulikuwa ukiinama na kuinuka, nta inamwagika upande mmoja. Rilan ulisimama wima. Kulikuwa na upepo ndani ya chumba kile, nywele zetu zilikuwa zikicheza, na mwali ule haukutikisika.

Nagiya ulizimika.

Vigelegele vikapanda. Shahhat akafuta macho. Mama alikuwa ameshaanza kusimama aende akachukue kinu cha shaba kinachopigwa siku ya jina, Wisam aliposema, si kwa sauti kubwa:

"Ni kweli umebaki. Umebaki kwa sababu ni wa mwenyewe."

"Mwenyewe nani, binti yangu?" bibi Busayna akauliza.

Akawaambia. Hakuficha kitu: ziwa la siku ya kwanza, alfajiri, mkate, mfereji. Nawara alianza kulia kabla hajafika nusu. Nagat alimkumbatia wake kifuani akamziba masikio. Shahhat alikuwa amekaa chini pale mlangoni, ameweka paji la uso juu ya magoti. Yeye ndiye aliyembeba mtoto yule, na nafikiri hakuna siku tuliyomuuliza alikuwa mzito kiasi gani.

"Ulimpa jina bila kuniambia," Mama akasema.

"Ningekuambia ungesemaje, Mama?"

"Ningesema usimpe."

Mama aliutazama mshumaa kwa muda. Nimemfahamu Mama maisha yangu yote, na nilidhani nitasikia tena habari za mgeni. Alifikiria labda wale wavulana wawili, sijui. Alipozungumza ilikuwa ni ile sauti yake ya kusema unga haujaumuka.

"Basi huyo hajafanyiwa siku yake. Ndiyo maana anazurura. Leteni chekeche."

Chekeche la ngano ndilo tunalomlazia mtoto siku ya saba. Mama alilitandika kitambaa cheupe akaliweka katikati ya sakafu, tupu. Akaweka mshumaa pembeni. Akanipa mimi kinu cha shaba, maana shangazi ndiye apigaye.

"Mama, pale hamna mtu," nikasema.

"Piga, Insaf."

Nikapiga. Nilidhani nitaona haya, lakini kinu kile ukikipiga hakikuachii nafasi ya kuona haya. "Rilan binti Shahhat," nikasema, "msikilize mama yako. Usimsikilize baba yako." Wanawake walicheka, kama wanavyocheka siku zote mahali hapo, kisha wakagundua wanalia. Nikaendelea na maneno ambayo si ya desturi, yalinijia tu. "Wakiitwa wengine, usiitike. Wale wana mama zao. Wewe umeshaitwa, umeshafika, umeshakaa."

Wisam alishuka kitandani. Akamkabidhi Nawara mtoto. Akaliruka lile chekeche mara saba, polepole, anajishika tumbo, kama anavyopaswa kufanya mzazi. Mama alimwaga chumvi pembe zote. Busayna akarusha ngano na njugu, na njugu zilizoangukia kwenye kitambaa zikabaki pale zilipoangukia.

Hapo ndipo mtoto wetu alipolia. Tangu azaliwe alikuwa hajalia hivyo, kwa hasira, kwa njaa. Nawara alimrudisha haraka kwa mama yake, naye akashika ziwa na kunyonya mpaka tukasikia akimeza. Nje, ng'ambo ya ukuta, mtu ambaye hakuwa na habari zetu akamwita binti yake: "Rilan!" Sote tukamtazama mtoto. Hakugeuka. Na shambani hakukuitika mtu.

"Na huyu je?" Shahhat akauliza kutoka sakafuni.

"Mshumaa wa pili kwa kukawia," Mama akasema. "Nagiya. Una mabinti wawili, inuka uwanunulie nyama."

Wanawake waliondoka kabla ya alasiri, vumbi lilipopungua kidogo. Nawara aliniuliza mlangoni kama ambadilishie wake jina. Nikamwambia asibadilishe, ni zawadi, ila siku moja amlete amsalimie Wisam. Shahhat alikwenda kwa muuza nyama. Nikabaki na Mama tukifagia chumvi.

Mama aliinama kuliondoa chekeche. Akaliinua kidogo, akalirudisha chini. Akakaa hivyo, ameinama, mikono kwenye ukingo wake. Kisha akanitazama.

"Insaf," akasema taratibu, "shika upande huo."

Nikashika. Lilikuwa zito. Tulilibeba wawili, kwa uangalifu, mpaka kitandani. Wisam alimsogeza Nagiya upande wa ukuta, akaacha nafasi.